Mkate wa Kiapo

Juzi nilimwachia jirani mwanangu kidogo, nikaenda kuanua nguo. Mtoto akalia, kama wanavyolia watoto wa umri wake, na niliporudi nikamkuta yule mama anampakata, anamtikisa, anamwambia kwa sauti tamu kabisa: nyamaza, nyamaza, Mmakonde anakuja kukula. Hakuwa na nia mbaya. Hicho ndicho kinachonikera zaidi, kwamba hakuwa na nia yoyote. Nilimchukua mwanangu, nikamwambia ahsante, nikaingia ndani nikafunga mlango. Mume wangu anasema nimelikuza jambo. Basi naliandika. Wenzangu tuliokuwa wadogo wakati mmoja pale mjini wanajua nisemacho, na wasiojua, huenda walicheza na mimi uani bila ya kujua wanacheza na nani. Hata mimi sikujua.

Tulikaa upande wa Malindi ya Unguja mjini, katika nyumba kubwa ya mawe iliyowahi kuwa ya tajiri mmoja na wakati wetu ikawa ya wapangaji. Katikati palikuwa na ua wenye mfereji mmoja wa maji ya bomba, na kila mtu na chumba chake kinachotazama ua ule, wengine chini, wengine juu. Ukikaanga samaki, nyumba nzima inajua. Ukigombana na mumeo, nyumba nzima inajua nani kashinda. Baba yangu alikuwa mpishi melini, tukimuona kwa nadra, akija na sabuni za harufu na biskuti za bati. Chumba kilichokabiliana na chetu kilikuwa cha Bi Salma, mwanamke mnene, mcheshi, mkono mwepesi wa kutoa na kinywa chepesi zaidi ya mkono. Yeye na mama walisukana nywele, wakaazimana kanga za kwendea shughulini, wakala sinia moja. Mtoto wake wa mwisho, Zuhura, alikuwa bado hajafika umri wa kupelekwa chuoni kusoma Kurani, na mama yangu alikuwa akimkogesha pamoja na mimi, maji yale yale, dodoki lile lile.

Mama alizungumza Kiunguja kilichonyooka, kila herufi ya Kiarabu mahali pake. Uso wake ulikuwa laini, hauna alama. Akiulizwa kwao wapi, alijibu, sisi watu wa shamba, upande wa kusini. Mtu akisikia hivyo hamalizii kuuliza. Anadhani ameshajibiwa.

Mwaka ule siasa zilikuwa zimeingia mpaka jikoni. Wanaume waliozoea kunywa kahawa baraza moja waligawana baraza. Kaka yake Bi Salma, Khamis, aliacha kununua mchele duka la pembeni kwa sababu ya chama cha mwenye duka, akaanza kwenda kununua mbali, na akija pale nyumbani huuliza kwanza nani yumo chumba gani, kana kwamba nyumba imehama. Na huko mashamba, wenye minazi yao walianza kuwatoa watu waliowaacha wakae na kulima chini ya miti miaka na miaka. Mimi nilikuwa mtoto, mambo hayo niliyasikia kama mtu anavyosikia mvua akiwa kitandani. Mpaka asubuhi moja akasimama mlangoni bibi kizee na furushi kichwani, ametoka Chukwani kwa miguu.

Sikuwahi kumuona mtu kama yeye kwa karibu. Mashavu yake na paji la uso vilikuwa vimechanjwa chale, mistari myeusi iliyopandiana kama miba ya samaki. Meno yaliyobaki yalikuwa yamechongwa yakawa na ncha. Na katika mdomo wa juu alikuwa amevaa ndonya, kipande cha mpingo cha mviringo, kikubwa kuliko kifungo cha koti, kimepita katika tundu la mdomo na kuusukuma mbele. Alinuka ugoro na moshi wa kuni. Mama alimvuta ndani kwa mkono, akarejesha mlango, na mimi niliyekuwa nimekaa kitandani nilimsikia akisema pole pole kwamba huku mjini hicho hakivaliwi. Mama akakivua kwa mkono wake. Mdomo ukaporomoka, tundu likawa wazi, nikaziona fizi kupitia hapo. Yule bibi akakichukua kipande chake akakifunga kwenye pindo la kanga, akajitanda kanga mpaka juu ya pua.

Tulipotoka uani mama aliwaambia wote, huyu ndiye aliyenilea. Bi Salma akaja na kikombe cha chai, akasema mlezi naye mzazi, karibu bi mkubwa. Mimi niliambiwa nimwite Bibi, na neno hilo wote tunawaita wazee wote, kwa hiyo halikuniambia lolote.

Watoto wa nyumba ile ndio walionifahamisha. Waliniambia wenye chale, Wamakonde, wanakula watu. Wanapenda watoto, wanaanza na maini. Meno yao yamechongwa kwa kazi hiyo. Nikauliza, mbona huyu hali? Wakanijibu kwa subira, kama wakubwa wangu, kwamba anajificha. Nikarudi chumbani nikaangalia, na kweli alikuwa akijificha. Kila akila, alijigeuza ukutani, akainamisha kichwa, akaifanya kanga kuwa pazia, na sauti ya kutafuna ikatoka nyuma yake, yenye majimaji, ndefu. Hakuna mtu mwengine aliyekula hivyo. Nilikuwa sijui kwamba mama ndiye aliyemtaka ale hivyo, mlango ukiwa wazi au umefungwa. Nilichokijua ni kuwa mtu hafichi muhogo na dagaa. Usiku nililala na miguu nimeikunja, nisije nikamgusa.

Zuhura peke yake hakuogopa. Alikuwa mdogo mno, hakuna aliyeona haja ya kumfundisha. Aliingia chumbani kwetu akakaa mapajani pa yule bibi, akala viazi vitamu vya kuchemsha kutoka mkononi mwake, akaivuta kanga chini aangalie tundu, akacheka. Bibi naye alicheka. Niliwatazama kutoka mlangoni nikasema moyoni, anamnenepesha.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyengine. Watu walikunywa chai, wanaume wakaenda makazini, nguo zikafuliwa. Mchana Bi Salma akamwita Zuhura aje ale. Hakuitika. Akamwita kwa juu, akamwita kichochoroni, akaenda kumuulizia kwa wauza mikate, kwa mshona viatu, kwa wifi yake. Adhuhuri ikapita. Vijana wakatoka na madebe, wakipiga na kunadi mitaani: mtoto mwanamke, kanzu ya manjano, aliyemuona amrejeshe kwa ajili ya Mungu. Wengine waliteremka mpaka Forodhani kuangalia majini. Mmoja alipelekwa bandarini kumwarifu mumewe Bi Salma, Bwana Seif, aliyekuwa karani huko. Akarudi akasema hayupo, ametumwa. Hakuna aliyeuliza katumwa wapi.

Kisha madebe yakanyamaza, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli. Mama wa chumba cha juu akaja akamchukua mwanawe tuliyekuwa tunacheza naye, akaingia naye ndani, nikasikia komeo. Nikaenda mlango wa pili, nao ukafungwa mbele yangu, taratibu, bila ya ugomvi. Uani wanawake walikuwa wamekaa mafungu mafungu, na mama alipopita na ndoo waligeuza maneno wakazungumzia maji. Khamis alikuja akasimama chini ya ngazi akikitazama chumba chetu. Alikuwa anatafuna mswaki.

Mtoto mmoja ndiye aliyelitamka. Alisema asubuhi alimuona Zuhura kwa bibi wa kina mimi, anakula kitu.

Mama alisema kweli alikuja, kama anavyokuja kila siku, akatoka. Bi Salma alikuwa macho yamemvimba, sauti imemkauka. Hakumtukana. Alimshika mama mikono yote miwili.

"Rehema, sikwambii kwa ubaya. Watu wanasema. Mwache ale mkate, tumalize maneno."

Anayetoka kwengine huenda hajui mkate huo. Mtu akiibiwa, au kukiwa na jambo lisilo shahidi, huitwa mjuzi wa viapo. Husomea kipande cha mkate mkavu, juu yake pameandikwa kwa zafarani, na anayedhaniwa hukitia kinywani na kukimeza bila ya maji. Asiye na kosa, mkate hushuka. Mwenye kosa, humkwama au humtoka. Mashekhe wengine walikataza jambo hilo, na wale wale waliokatazwa wakenda kulifanya nyumba ya pili. Kukataa kuula ndiyo kukiri. Mama alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Akasema basi, na ale.

Baada ya sala ya alasiri akaletwa mzee wa mtaa wa pili, Mzee Haji, mtu mfupi, mpole, aliyeniita mwanangu aliponipita. Mkeka ukatandikwa uani. Mtu akauliza kama kiapo kinamshika asiye Muislamu, na Mzee Haji akajibu kuwa mkate hauulizi dini. Bibi alishushwa ngazi akakalishwa. Watu wote wa nyumba walikuwepo, na wa nje waliingia mpaka ua ukajaa, kisha nikasikia mlango mkubwa ukifungwa. Harufu ya zafarani na marashi ilikuwa nzito, ya harusini kabisa, nikadhani labda mambo yatakuwa mazuri.

Mzee Haji akamfundisha maneno ya kusema: ikiwa nimemgusa mtoto huyu, mkate unikwame, ikiwa sikumgusa, ushuke. Bibi akayasema kwa lafudhi yake ya bara, na watu wawili watatu wakacheka puani. Bibi akamtazama mama. Mama akainamisha macho. Basi yule bibi akaishusha kanga.

Wengi walikuwa hawajauona mdomo ule. Mguno ulipita ua mzima. Bibi akautia mkate kinywani akatafuna. Ulikuwa mkavu kama kigae, na meno yake machache hayakukutana. Akajaribu kufumba mdomo, na mdomo ule haukuwa na kitu cha kuuzuia. Nilikuwa mbele, nimeshika kanga ya mama, niliona kila kitu. Chembe za mkate, manjano kwa zafarani, zilitoka kupitia tundu, zikaanguka kifuani, zikaanguka mkekani. Akapeleka kidole kuzirudisha. Mzee Haji akamwambia kwa upole, usishike. Akameza mate, yakatoka pia. Kikamtoka kipande chenyewe kizima.

"Umemkataa," mtu alisema. Neno likazunguka ua, umemkataa, umemkataa.

Mimi niliamini. Kwa nini nisiamini? Nilikuwa nimeona kwa macho. Nilimuona Zuhura ndani ya tumbo la yule bibi na kanzu yake ya manjano.

Mama angeweza kunyamaza. Kila alichokuwa nacho pale mjini, shoga yake, chumba chake, heshima yake ya kuitwa Bi Rehema na kualikwa kwenda kupika pilau la harusi, kilikuwa kinategemea anyamaze tu, wamchukue bibi kizee mmoja asiyekuwa na mtu. Kisha akanivua mkono. Akaenda akapiga magoti mkekani, akalifungua fundo kwenye pindo la kanga ya bibi, akakitoa kile kipande cha mpingo. Akakipangusa. Akakitia mdomoni mwa yule bibi kwa vidole vinavyoijua njia, vidole vilivyokwisha kufanya kazi hiyo tangu utotoni.

"Meza sasa, mama," alisema.

Halafu akawageukia. "Huyu mama yangu mzazi. Mdomo wake nimeuvua mimi, kwa ajili yenu. Mpeni mkate mwengine."

Mzee Haji alitikisa kichwa. Kiapo hakirejewi, alisema, na alionekana kusikitika kweli.

Hakuna aliyepiga kelele, na ningependa wangepiga. Bi Salma aliuliza, "Mama yako?" tena akauliza, "Mama yako, Rehema?" Nikaona macho yanahama. Yalitoka kwa bibi yakaenda kwa mama, yakakaa hapo, yakamtafuta usoni, kisha yakateremka kwangu. Kulikuwa na mwanamke nyuma yangu aliyekuwa ameniwekea mkono begani muda wote ule. Aliuondoa. Sikumtazama ni nani, lakini bega langu lile bado linajua.

Khamis alitema mswaki. "Kumbe wamo ndani siku zote," alisema, akaweka mguu kwenye ngazi ya kwendea chumba chetu. Wanaume wawili wakamfuata. Mmoja alimuuliza mwenzake kama mlango mkubwa umefungwa vizuri, na mwenzake akasema naam, umefungwa.

Hapo mlango ukagongwa. Ukagongwa tena, na kengele ya baiskeli ikalia nje. Ulipofunguliwa akaingia Bwana Seif na baiskeli yake, na Zuhura amekaa mbele kwenye chuma, anakula njugu.

Alikuwa amempeleka Bububu. Huko Bwana Seif alikuwa ameoa mke wa pili, kijana, tangu mfungo uliopita, na yule mke alitaka kumuona mtoto. Alimpitia asubuhi kichochoroni, akampakia, akaenda zake. Habari hizo zilitoka pale pale, mbele ya watu, kidogo kidogo, kwa sababu Zuhura mwenyewe alikuwa akizieleza: kuna mama mwengine, ana kuku, ana kitanda cha chuma. Bi Salma akamkumbatia mwanawe, akaanza kumpiga mumewe kwa kandambili, na ua mzima uliokuwa tayari kupanda ngazi zetu ukaangua kicheko. Walicheka mpaka wakakaa chini. Mtu akamfunga Bwana Seif kanga kichwani, bwana harusi. Mzee Haji akazifunga zafarani zake akaondoka bila ya kuaga.

Nyuma yao wote, mkekani, bibi yangu alikuwa anaokota. Aliziokota zile chembe moja moja kutoka mkekani na kifuani, na kile kipande, akavitia kinywani nyuma ya ndonya yake akatafuna polepole. Akameza. Nililiona koo lake likipanda na kushuka. Kisha akafungua mdomo wazi ili aonekane. Hakuna aliyekuwa akimtazama ila mimi, kwa hiyo akanionesha mimi.

"Umeona?" aliniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Lakini nilikuwa na swali ambalo sikuweza kumuuliza mtu. Mkate ulikuwa umemkataa, na Zuhura yuko hai. Basi alikuwa amemla nani?

Kesho yake Bi Salma alikuja chumbani na sahani ya visheti. Alimshikia bibi miguu akamwambia, shikamoo bi mkubwa, nisamehe, akili zilinitoka. Bibi akapokea, akasema marahaba, yamekwisha. Mimi nikafurahi, nikanyoosha mkono kuchukua kisheti. Kisha Bi Salma akamgeukia mama, na sauti yake ikawa nyengine.

"Mzee sina neno naye. Neno nnalo na wewe. Miaka yote hii nimekuachia mwanangu ukamkogesha."

"Nilimkogesha vibaya?"

"Ungeniambia."

"Ningekwambia nini, Salma?"

"Kuwa wewe ni wao."

Mama akamuuliza kama Bwana Seif alimwambia kuhusu Bububu. Bi Salma akaipangusa sahani yake kwa ukingo wa kanga. "Yale mambo ya wanaume," alisema. "Haya mengine."

Huo ndio ukweli nilioutafuta kwa miaka, na uliposemwa nilikuwa nimejaza kisheti kinywani. Mgeni mwenye chale hakuwaudhi. Huyo walimjua walipomuona, walijua wamuweke wapi, walikuwa tayari kumpa chai au kumuua. Aliyewaudhi ni yule waliyekula naye wasijue. Walikuwa wamekula sinia moja na mtu wakadhani wanakula peke yao.

Hatukufukuzwa. Hakuna aliyetuambia tuondoke. Mama hakuitwa tena kwenda kupika, hakusukwa tena nywele, akifika mferejini wengine humaliza kuteka wakaondoka. Mwisho wa mwezi alipata vyumba Ng'ambo, nyumba ya udongo na makuti, na hamali akaja na gari lake la mkono kuchukua vitanda. Bibi alikaa juu ya magodoro, ndonya mdomoni, uso wazi, anavuta ugoro mchana kweupe mbele ya mtaa mzima. Mama alitembea kando yake amemshika mguu asianguke.

Mimi niliachwa mlangoni kulinda ndoo. Zuhura akaja. Alinitazama usoni kwa makini, kama alivyokuwa akimtazama bibi, akasogea, akaweka kidole chake kwenye mdomo wangu wa juu, katikati, akakandamiza kidogo kutafuta mahali.

"Wako utatobolewa lini?" aliuliza.

Kidole kilikuwa na harufu ya njugu. Nikaking'ata. Nikazidi kuking'ata, mpaka nikaonja chumvi, na alipopiga ukelele watu wakatoka wote, Bi Salma, Khamis, wa juu na wa chini, wakasimama vibarazani wakinitazama na mdomo wangu mwekundu. Nikawaangalia nyuso zao moja moja, nikingoja mtu ashangae.

Hakuna aliyeshangaa.